Picha Zenye Mashariki Kushoto

Shaka lililonikosesha usingizi lilikuwa hili: huenda picha zile hazikuwa za nyota hata kidogo.

Nilikuwa na shahada ya fizikia, bado mpya. Nililala chali katika chumba cha uani nyumbani kwa mjomba wangu, nje kidogo ya Kharumwa, nikisikiliza mbuzi wakikohoa nyuma ya ukuta, na kichwani nikazungusha swali ambalo ningeona haya kulitamka mbele ya mwanafunzi wa kidato cha pili. Nani alikuwa amenithibitishia? Darubini ile sikuwahi kuiona. Galaksi ile sikuwahi kuiona. Nilichokuwa nacho ni bahasha, karatasi zinazong'aa, na neno la mtu aliye mbali.

Mtu huyo alikuwa mwalimu wangu wa chuo kikuu, aliyekuwa amekwenda Ulaya kusoma zaidi. Kazi yake ilihusu vishada vya nyota. Kishada kimoja kila mkulima wa kwetu anakijua: Kilimia, zile nyota zilizosongamana ambazo wazee walizitazama kabla ya kushika jembe. Sasa chukua Kilimia, ukijaze nyota maelfu kwa maelfu, ukibane mpaka zishonane kama punje kwenye suke, kisha ukipeleke kwenye galaksi nyingine. Kutoka ardhini utaona doa tu, au nyota moja iliyovimba. Miaka ile ya tisini, darubini iliyorushwa angani, juu ya hewa inayotetemesha mwanga, ilikuwa imeanza kuyatenganisha madoa hayo, na wataalamu walishangaa kukuta vishada vingi vilikuwa vichanga. Vilizaliwa wakati vilima vya Geita vilikuwa vimeshazeeka na kuchakaa.

Mwalimu alinitumia picha kadhaa za galaksi moja ya jirani, akaniomba niweke alama kwa jicho na kioo cha kukuzia: nukta ipi ni nyota moja, ipi ni kishada. Nyota moja huwa kali. Kishada huwa na ukungu kidogo pembeni, kama taa ndani ya chandarua. Angelinganisha macho yangu na ya watu wengine. Nikifanya vizuri, alisema, atanitaja kwa profesa wake. Kwa kijana aliyekuwa akingoja barua ya ajira ya ualimu ambayo haikuonyesha dalili ya kuja, hilo lilitosha. Nyumbani Samuye kulikuwa na wadogo zangu wengi na meza moja, kwa hiyo mjomba akanipa chumba chake cha uani.

Bahasha ilipitia sanduku la posta la mfanyabiashara mmoja wa Kihindi mjini Geita, ambaye mjomba alinunua kwake kamba na ndoo. Siku tulipoifuata, yule mfanyabiashara aliipima mkononi na kusema, "Barua gani hii, nzito kama ramani?" Alikuwa anatania tu. Lakini mjomba aliitazama bahasha, kisha akanitazama mimi, na njia nzima ya kurudi hakuniuliza ndani mna nini. Mtu asiyeuliza ananitia wasiwasi kuliko anayeuliza.

Mjomba alikuwa kaka wa mama yangu, mfugaji aliyegeuka mchimbaji. Alikuwa na duara, yaani shimo la dhahabu, kwenye kilima kilichojipinda kama mundu, mwendo mfupi kutoka nyumbani. Alilimiliki pamoja na mbia wake, mtu kutoka Singida, mwembamba, mwenye kofia ya sufu hata jua liwe kali namna gani. Huyu mbia aliwahi kuwabebea vigingi wapimaji wa kampuni fulani ya utafiti, na tangu hapo alijiona mtaalamu wa ramani. Miaka hiyo watafiti walikuwa wengi. Ndege ndogo zilipita chini chini, zikienda na kurudi juu ya mashamba kama mtu anayelima kwa matuta, na kila zilipopita watu wa kilimani waliacha kazi na kuzitazama.

Wiki chache baada ya bahasha kufika, picha zangu zilianza kunuka mafuta ya taa.

Nilizinusa moja moja. Nilikuwa na taa ya chemli, ndiyo, lakini nilikuwa mwangalifu nayo kama mtu mwenye mtoto mchanga chumbani. Nikachukua kioo nikatazama kwa makini, na juu ya nukta kubwa kubwa nikaona vishimo vidogo, kama vilivyobonyezwa kwa ncha ya penseli kupitia karatasi nyingine. Mtu alikuwa amezifuatisha. Nilimshuku mke wa mjomba, aliyefagia chumba changu, nikaona aibu, nikamshuku tena. Niliwashuku wapangaji wa jirani. Nilianza kulaza unyasi juu ya bahasha kila nilipotoka, na kila niliporudi unyasi ulikuwa mahali pake, jambo ambalo lilinifanya nimshuku aliyekuwa mwerevu kiasi cha kuurudisha.

Jibu nililipata mezani, mchana, tukila ugali na mlenda.

"Msomi," alisema yule mbia, "hizo picha zako zimepigwa na nini?"

"Na darubini, mzee."

"Iko wapi?"

"Juu angani. Inaizunguka dunia."

"Inaizunguka dunia," alirudia, akimtazama mjomba. "Na inatazama wapi?"

"Juu zaidi."

Alicheka mpaka akarudisha tonge kwenye sahani. "Mimi nimechunga ng'ombe, bwana mdogo. Mchungaji hupanda mti aone ng'ombe wako wapi. Sijapata kumwona anayepanda mti ili atazame juu."

"Labda anatafuta matunda," alisema mke wa mjomba.

"Matunda hayako juu ya kilele, mama."

Mjomba hakucheka. Aliuliza taratibu, kama anayeulizia hali ya mgonjwa: "Mpwa wangu, zile nukta kubwa. Ukubwa wake maana yake nini? Ziko karibu, au zina vingi ndani?"

"Zina vingi ndani," nilisema. "Vimeshonana."

"Na siku ile ulisema ni changa."

"Ndiyo. Hazijatawanyika bado."

Alitikisa kichwa pole pole, kwa heshima ambayo sikuistahili, na hapo nikajua tumekuwa tukizungumza mambo mawili tofauti. Nilipaswa kulisahihisha jambo palepale. Badala yake nilikaa nikifikiri namna bora ya kulisahihisha, sahani zikaondolewa.

Kesho yake mjomba alinialika kilimani, "ukanyooshe miguu." Tulipita kwenye duara lake la kwanza, lililokuwa likitoa mawe ya maana, kisha kwenye duara la jirani yake, nalo zuri. Yule mbia alitembea mbele akihesabu hatua kimoyomoyo. Niliona midomo yake. Tulipofika kwenye bonde dogo ubavuni mwa kilima, alisimama. Watu wao walikuwa wameshaanza kuchimba shimo jipya pale. Karibu yake kulikuwa na duara la zamani lililotelekezwa, limejaa maji ya mvua hadi karibu na mdomo, na vyura.

"Kwa nini hapa?" niliuliza.

"Wewe ndiye utuambie," alisema mbia, na wote wawili wakatabasamu, kila mmoja tabasamu lake.

Nilipogeuka kutazama kilima kutoka pale, niliona umbo ninalolijua. Katika picha moja vishada vilijipanga kwenye upinde, kwa sababu ndivyo vinavyozaliwa, kwenye mkono wa galaksi ambako gesi imesongamana. Kilima nacho kilikuwa upinde. Maduara mawili mazuri yalikaa kwenye upinde ule karibu kabisa na pale ambapo nukta mbili kubwa zingekaa.

Hilo ndilo lililoninyima usingizi. Nilijua wamefikiria picha yangu ni ramani ya dhahabu, na usiku ule nilianza kujiuliza kama hawakuwa sahihi. Kwa nini mwalimu alinichagua mimi, wakati wenzangu waliobaki Dar es Salaam walikuwa na maktaba na umeme? Katika barua yake aliandika kwa utani, "huko kwenu kwenye dhahabu." Alijuaje kwamba ningekuwa kwa mjomba na si Samuye? Kisha nikakumbuka nilimwandikia mwenyewe. Kisha nikajiuliza kwa nini nilimwandikia. Karatasi ile ya bei mbaya nani aliilipia? Ndege zile zilipiga picha za nini, na ziliishia mikononi mwa nani? Nilifundishwa kwamba kila kipimo kina kosa lake, na msomi mwema hulitafuta. Nililitafuta kosa hilo mpaka nikaanza kumwona mwalimu wangu, mtu mpole aliyeturudishia karatasi za mtihani zikiwa na madoa ya chai, kama jasusi.

Asubuhi nilitandika mkeka chini, nikazilaza picha zote, nikaanza upya kama mtu ambaye hajawahi kuziona. Sikujali nukta. Nilitazama pembezoni. Kwenye kona ya kila picha kulikuwa na mishale miwili midogo yenye herufi, mmoja wa kaskazini na mmoja wa mashariki. Nilikuwa nimeizoea kiasi kwamba sikuiona tena. Kaskazini ilikuwa juu. Mashariki ilikuwa kushoto.

Nilicheka peke yangu. Chukua ramani yoyote ya shuleni, elekeza kaskazini juu, mashariki itakuwa kulia, kwa sababu mchoraji anatazama chini. Ili mashariki iende kushoto, lazima utazame kinyume: lala chali, kichwa kaskazini, uso juu. Nilijilaza kwenye mkeka nikajaribu, mkono wangu wa kushoto ukagusa ukuta wa upande jua linapotokea. Picha zilikuwa zinatazama juu. Shaka halikuisha lote, langu huwa haliishi, lakini lilipungua kiasi cha kuniruhusu kunywa chai.

Nilitoka uani nikiwa na picha mkononi. Mjomba alikuwa akinoa sururu, na yule mbia ameketi kwenye kinu kilichopinduliwa.

"Mwangaluka," nilisema, kwa Kisukuma, nikitaka kuanza vizuri. "Mjomba, nakuomba ulale chini."

"Nilale?"

"Chali. Kichwa huku."

Alikuwa mtu mzima, mwenye watoto wenye watoto, lakini alinipenda, akalala. Kuku walikimbia. Mke wake alitoka jikoni na mwiko. "Watu watasema umekufa."

"Waseme. Msomi ananifundisha."

Nilimshikia picha juu ya uso wake, mshale wa kaskazini ukielekea upande wa kichwa chake. "Mkono wako wa kushoto uko upande gani?"

"Jua linapotokea."

"Na mashariki ya kwenye picha?"

Alikodoa macho. "Kushoto."

"Sasa simama uitazame ikiwa chini, kama mtu aliye ndani ya ndege." Alisimama, nikailaza picha ardhini, kaskazini kwa kaskazini. "Mashariki inaelekea wapi?"

"Kwenye zizi. Magharibi." Alikuna kidevu. "Imekosea."

"Haijakosea, mjomba. Imepigwa na anayetazama juu. Ni nyota. Hakuna dhahabu humo."

Nikaona kitu kikianza kulegea usoni mwake. Nilifurahi mapema mno.

"Nilikwambia, kaka," alisema mbia kutoka kwenye kinu. "Wameigeuza."

Alivua kofia yake ya sufu, na ndani ya kofia akatoa karatasi iliyokunjwa, iliyolowekwa mafuta ya taa mpaka ikawa inapitisha mwanga. Nukta zangu zote zilikuwamo, zimechorwa kwa penseli kwa uangalifu mkubwa. "Mimi nimebeba vigingi vya wapimaji, mashariki naijua. Siku ya kwanza tu niliona iko upande usio wake. Nikasema, hawa wameipindua makusudi, ili ikiangukia mikononi mwa asiyehusika achimbe kwenye majaruba ya mpunga ya watu. Ndiyo maana tulitumia karatasi inayoonyesha mpaka nyuma." Aliipindua kama anayegeuza chapati. "Ukiitazama kwa mgongo, kila kitu kinarudi mahali pake. Duara letu hili hapa. La jirani hili hapa. Bonde hili hapa, na hii ndiyo kubwa kuliko zote."

"Mzee, kilima kina mashimo mengi, na picha ina nukta nyingi. Hata ukimwaga mtama juu yake, punje mbili zitaangukia mashimo."

"Basi kwa nini ulikuwa unazifunika kwa unyasi?" aliuliza.

Mjomba aliniwekea mkono begani. Hakuwa amekasirika, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Mpwa wangu, tunaelewa. Umeapishwa huko. Hatukulazimishi useme. Tukiufikia mkanda wa dhahabu, wewe ndiye utakayepanda ndege ukasome, usingoje barua ya mtu."

Kuanzia siku hiyo kila nilichosema kilithibitisha walichoamini. Nikikana, nilikuwa nalinda siri. Nikinyamaza, nilikuwa nimekubali. Nilijaribu kumweleza mke wa mjomba. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema yeye haelewi mambo ya juu wala ya chini, ila kama ningeweza kumzuia mume wake asiingie kwenye lile shimo karibu na maji, angenishukuru.

Ni yeye aliyenifanya niache kuwaza picha nikawaza shimo. Nilianza kwenda kilimani kila siku, kwa kisingizio cha kunyoosha miguu. Shimo lilikuwa limezidi urefu wa nyumba, na walikuwa wameanza kulipinda ubavuni, kuelekea mahali ambapo karatasi ya mafuta ilionyesha katikati ya nukta. Upande huo ndiko lilikokuwa duara la zamani. Mvua zilikuwa zimekatika, ardhi ya juu inapasuka, lakini ndoo zilizopanda zilianza kuja na udongo mbichi, kisha udongo unaong'aa, kisha udongo unaodondosha. Niliuliza unatoka ukuta upi. Mchimbaji aliyekuwa akitoka, matope mpaka shingoni, alionyesha kwa kidevu upande wa vyura.

"Mjomba, ukuta unavuja. Kati yenu na maji yale hakuna mwamba, ni udongo."

"Tumeweka matimba," alisema mjomba. Matimba ni magogo ya kushikilia kuta. Alijua, nami nilijua, kwamba gogo huzuia udongo, halizuii maji.

Mbia alinitazama kwa upande. "Amejaribu nyota, hazikutosha. Sasa amekuja na maji. Kesho utatuambia kuna simba."

Usiniulize kama walikuwa wapumbavu. Niliwahi kuamini vitu kwa ushahidi mdogo kuliko ule. Mimi mwenyewe nilikuwa naamini kwamba ndani ya nukta moja kuna nyota zisizohesabika, kwa sababu nimeambiwa.

Waliamua kwamba mjomba angeshuka yeye mwenyewe. Mchimbaji mmoja aliripoti kugonga kitu kigumu, na kwao mwenye duara ndiye anayeshika sururu pale mwamba unapofikiwa. Ingekuwa asubuhi.

Kuna desturi kwa upande wa mama yangu. Kabla mtu hajaenda kwenye jambo la hatari, jamaa wa nyumba hukusanyika mlangoni, kila mmoja hupewa maji, huyashika kinywani, kisha huyapuliza nje pole pole na kusema kwamba hana kinyongo. Kinyongo kilichofichwa humfuata msafiri. Asiyepuliza, ana kitu moyoni, na msafiri haondoki mpaka kitu hicho kitolewe na kuzungumzwa mbele ya wazee. Mpwa, mtoto wa dada, kinyongo chake huhesabiwa kizito kuliko vyote. Mjomba aliwahi kurudisha ng'ombe waliokuwa tayari njiani kwenda mnadani Kagongwa kwa sababu shangazi yake alifunga mdomo. Kwa mambo ya ramani na wazungu angeweza kubishana na mtu yeyote. Kwa hili hakubishana.

Asubuhi ile mke wa mjomba alileta maji kwenye kikombe cha bati. Mjomba alisimama na kamba begani. Mke wake alipuliza, kwa sauti ndogo, macho chini. Mbia, ambaye hata si wa ukoo, alipuliza kwa mbwembwe. Kisha kikombe kikaja kwangu.

Nilijaza kinywa. Maji yalikuwa ya baridi, yenye ladha ya bati. Na pale, mbele ya watu wote, nikaanza kufikiri, kama kawaida yangu. Kwamba sikuwa na kinyongo naye hata chembe, kwa hiyo kutopuliza kungekuwa uongo. Kwamba kupuliza kungekuwa kweli, na kungemtia shimoni. Kwamba pengine ukuta ungeshika na kungekuwa na dhahabu kweli, nami ningekuwa mpwa aliyemnyima mjomba wake riziki. Kwamba wazee wangeitwa, na mbele yao ningelazimika kutaja kitu kilichoko moyoni, na kitu pekee kilichokuwamo ni ule udongo unaodondosha. Labda wazee, tofauti na mbia, wangekwenda kuuona. Kwamba kuanzia siku hiyo kilima kizima kingesema msomi anaitaka ramani yake peke yake. Mashavu yalianza kuniuma.

Nikayameza.

Mke wa mjomba alijifunika mdomo kwa kanga. Mjomba alinitazama kama mtu aliyepigwa na mtoto wake, kisha akaiteremsha kamba begani, akaitundika kwenye msumari.

"Nilikwambia," alisema mbia. "Anaitaka peke yake."

"Labda amepaliwa," mjomba alisema, na sauti yake iliomba niitikie.

Nilimwomba mke wa mjomba kikombe kingine. Alinijazia. Nikakinywa chote, taratibu, mbele yao, mpaka tone la mwisho, ili asiwepo mtu wa kusema kwamba nilipaliwa.